Château de Beaucastel: Grenache na Mlinzi Wake

Hotuba kwa wakulima wa zabibu na wahudumu wa mvinyo, Dodoma

Ndugu wakulima wa zabibu, ndugu wahudumu wa hoteli na migahawa, walimu wetu na wanafunzi, tunawasalimu nyote.

Mada tuliyopewa ni mvinyo mwekundu wa Ufaransa. Ni mada pana kupita kiasi, na anayejaribu kuigusa yote kwa saa moja huishia kutaja majina tu. Tumeamua kuchukua shamba moja na chupa moja: Château de Beaucastel, katika eneo la Châteauneuf-du-Pape. Hatukulichagua kwa ajili ya bei yake wala sifa zake. Tumelichagua kwa sababu karibu kila kinachofanyika pale, tangu zabibu zinazopandwa hadi aina ya tangi la kuchachushia, kinajibu swali moja. Zabibu ya Grenache huharibiwa haraka na hewa. Je, utailindaje bila kuimwagia dawa nyingi? Ukilishika swali hilo, mvinyo huu wote unafunguka.

Beaucastel iko kusini-mashariki mwa Ufaransa, katika bonde la mto Rhône, kati ya miji ya Orange na Avignon. Eneo lenye haki ya kutumia jina la Châteauneuf-du-Pape lina zaidi kidogo ya hekta 3,000, nalo limegawanyika katika manispaa tano: Châteauneuf-du-Pape yenyewe, Bédarrides, Courthézon, Orange na Sorgues. Jina limetokana na mapapa waliokaa Avignon kuanzia 1309 hadi 1377. Papa Yohane wa 22 ndiye aliyejenga ngome juu ya kijiji, na magofu yake yangali yanaonekana. Watalii huanzia hapo. Sisi tuelekee pembe ya kaskazini-mashariki, Courthézon, ndiko shamba liliko.

Kando ya shamba inapita barabara kuu ya A7, na barabara hiyo ina maana kwa mnunuzi. Mizabibu ya ng'ambo ya pili, kiasi cha hekta 30, iko nje ya mpaka wa Châteauneuf-du-Pape. Udongo wake unakaribiana sana na ule wa upande wa pili, na wanaoilima ni watu walewale, lakini kisheria mvinyo wake ni Côtes du Rhône, jina pana la mivinyo ya bonde la Rhône, nao huuzwa kwa jina la Coudoulet de Beaucastel kwa bei ya chini sana kuliko ndugu yake. Mhudumu akilijua hilo, mteja ambaye mfuko wake haufiki Beaucastel hataondoka mikono mitupu.

Historia tutaipitia kwa haraka. Mwaka 1549 Pierre de Beaucastel alinunua ghala na ardhi mahali panapoitwa Coudoulet, na jina la ukoo wake likabaki shambani hata baada ya ukoo kuondoka. Karne ya 19 filoksera, mdudu mdogo anayekula mizizi ya mizabibu, aliteketeza mashamba ya bonde zima la Rhône. Mwaka 1909 Pierre Tramier alinunua shamba, akamrithisha mkwewe Pierre Perrin, kisha likafika kwa Jacques Perrin, aliyeliongoza hadi alipofariki mwaka 1978. Wanawe Jean-Pierre na François walishika usukani baada yake, na leo watoto wa hao wako kazini. Kumbukeni jina la Jacques Perrin, kwa sababu maamuzi mengi tutakayoyaeleza ni yake.

Kabla ya kuingia shambani, neno moja kuhusu sheria. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza jina la Châteauneuf-du-Pape lilikuwa likibandikwa kwenye mivinyo ya kila namna. Mwanasheria na mkulima wa hapo, Baron Pierre Le Roy wa Château Fortia, aliwaunganisha wakulima kuanzia 1923, wakajiwekea masharti wenyewe: mipaka ya ardhi, aina za zabibu, namna ya kupogoa, kiwango cha chini cha alkoholi, na lazima ya kuchambua zabibu mbovu. Kigezo kimoja cha ardhi kilikuwa mimea ya porini: panapoota zaatari na lavenda ndipo pafaapo mzabibu, maana ardhi ya namna hiyo ni kavu na maskini. Mwaka 1936 masharti hayo yakawa sheria ya nchi, miongoni mwa za kwanza za aina yake, na mfumo mzima wa majina ya asili ya mivinyo ya Ufaransa ulijengwa juu ya kazi kama hiyo. Hadi leo zabibu huvunwa kwa mkono tu, mvinyo haupaswi kupungua asilimia 12.5 za alkoholi, na hekta moja haitoi zaidi ya hektolita 35.

Tuichambue namba hiyo ya mwisho, kwa sababu wakulima mnaijua thamani yake. Hektolita 35 ni lita 3,500, yaani chupa zisizozidi 4,700 za mililita 750. Mkulima mwenye mizabibu 3,000 kwenye hekta anapata chupa moja na nusu kwa kila mzabibu, basi. Beaucastel mara nyingi huwa chini ya kiwango hicho. Mavuno madogo si sifa yenyewe. Mzabibu ulioachiwa mzigo mdogo katika nchi yenye jua kali unaweza kukimbilia sukari kabla ganda na mbegu hazijakomaa. Pale mavuno madogo yanafaa kwa sababu mimea mingi ni mizee, maji ni haba, na mkulima havuni kwa kuangalia sukari peke yake.

Juu ya ardhi kumetandazwa mawe ya mviringo, mengine makubwa kama ngumi na mengine zaidi, yaliyoletwa na mafuriko ya kale kutoka milima ya Alps na kusuguliwa njiani. Chini yake kuna tabaka la mchanga na mwamba laini uliokuwa sakafu ya bahari. Mawe yanafanya kazi mbili. Mchana hufyonza joto na usiku huliachia polepole kwenye vichala vilivyo karibu na ardhi, na zabibu inaendelea kuiva jua likishazama. Kazi ya pili husahauliwa: yanafunika udongo, unyevu hautoki haraka. Jembe nalo linaisha upesi mno juu ya mawe hayo, na kila anayelima pale analijua gharama yake.

Kisha kuna Mistral, upepo wa kaskazini unaoteremka bondeni kwa nguvu na kuvuma kwa siku kadhaa mfululizo. Mvua ikinyesha karibu na mavuno, Mistral hukausha vichala kabla kuvu hajashika. Lakini upepo huohuo huvunja machipukizi wakati wa majira ya kuchipua. Ndiyo maana Grenache na Mourvèdre hupogolewa kama kichaka kifupi kisicho na waya: shina fupi, mikono michache iliyoinuka pande zote, na kila mkono unaachiwa vijiti vyenye macho mawili. Syrah ina matawi marefu na dhaifu, hivyo yenyewe hufungwa kwenye waya. Syrah hii ni ileile inayolimwa hata hapa Dodoma. Mliokwisha kuilima mmeuona ulegevu wa matawi yake.

Sasa tuje kwenye zabibu zenyewe, na hapa tutakaa.

Grenache ndiyo malkia wa Châteauneuf-du-Pape; inachukua zaidi ya asilimia 70 ya eneo lote. Inapenda ukame, inastahimili upepo, na inatoa mvinyo mnene, mtamu wa harufu, wenye ladha ya matunda mekundu na viungo. Ila ina udhaifu wa aina tano. Ganda lake ni jembamba, rangi haitoshi. Asidi yake ni ya chini. Sukari yake hupanda sana: kila gramu 17 kwa lita hutoa karibu asilimia moja ya alkoholi, na Grenache iliyoiva pale hufikisha gramu 255 bila shida, maana yake asilimia 15. Na kubwa kuliko yote, inaoksidika kwa urahisi. Mvinyo wa Grenache tupu uliolegezewa ulinzi hugeuka rangi ya matofali ukingoni mapema, harufu ya matunda mabichi ikatoweka, ikabaki ya tende na zabibu kavu. Tena wakati wa maua, kukiwa na baridi na mvua, maua yake hupukutika. Mwaka 2013 Grenache ya kusini mwa Rhône ilipukutika vibaya, na waliotegemea aina hiyo peke yake walivuna nusu ya walichozoea.

Mourvèdre ni kinyume chake karibu kwa kila jambo. Ganda ni nene, rangi ni nzito, tanini, yaani ule ukakasi unaokausha kinywa, ni nyingi, sukari haipandi sana. Haioksidiki haraka, badala yake hujifunga ikikosa hewa, ikashikilia harufu nzito za nyama, ngozi na udongo wenye unyevu. Ikichanganywa na Grenache inaikinga dhidi ya hewa na kuipa mifupa. Mbona basi wengine hawaipandi kwa wingi? Kwa sababu ni ngumu. Inachelewa kuiva, wiki kadhaa baada ya Syrah bado iko mtini, na mkulima analala na hofu ya mvua za mwisho wa Septemba. Wakulima wa kule husema inataka uso juani na miguu majini: joto jingi juu, na udongo wa chini usiokauka kabisa. Ikikosa kimojawapo haiivi, nayo isipoiva mvinyo wake ni mkali wenye ladha ya majani. Baada ya filoksera, wakulima walipolazimika kupandikiza mizabibu juu ya mashina ya asili ya Marekani yanayomstahimili mdudu huyo, Mourvèdre ilisumbua kushika, wengi wakaiacha na kupanda Grenache. Jacques Perrin alikwenda upande wa pili. Aliipanda kwa wingi, akaifanya nguzo.

Kwa hiyo leo mchanganyiko wa mvinyo mwekundu wa Beaucastel, ukikadiria, ni asilimia 30 hivi Grenache na 30 hivi Mourvèdre. Counoise na Syrah hufuata, kila moja asilimia 10 au zaidi kidogo, kisha Cinsault kama 5. Zilizobaki ni Vaccarèse, Terret noir, Muscardin, na hata zabibu nyeupe: Clairette, Picpoul, Picardan, Bourboulenc na Roussanne. Jumla ni aina 13, zote zilizotajwa katika sheria ya zamani ya eneo. Ni mashamba machache sana yanayozilima zote. Aina hizi ndogo ni kama iliki kwenye chai: hazionekani, lakini ukiziondoa kinywaji kinapwaya. Counoise inaleta pilipili na asidi. Inachelewa kuiva na rangi yake ni hafifu. Terret noir na Picpoul zinaleta uchangamfu. Na kwa maoni yetu faida kubwa zaidi iko kwenye hatari iliyogawanywa: mwaka Grenache inapopukutika, Mourvèdre na Counoise zipo, mwaka Mourvèdre inapokosa joto, Grenache inabeba.

Wapo wanaotazama orodha hiyo na kutaka kupanda aina 13 kesho. Tunawasihi wasubiri. Familia ya Perrin iliposhirikiana na muagizaji wa mvinyo wa Marekani, Robert Haas, kuanzisha shamba la Tablas Creek huko Paso Robles, California, mwaka 1989, vipandikizi kutoka Beaucastel vililazimika kukaa karantini miaka mitatu ili vithibitishwe kuwa havina virusi. Tena Mourvèdre na Counoise zinahitaji msimu mrefu wenye ukavu mwishoni. Hapa kwetu tunavuna mara mbili kwa mwaka na mzabibu haupati usingizi wa baridi. Hesabu ni nyingine kabisa.

Shambani, Beaucastel haitumii dawa za viwandani wala mbolea za chumvi tangu katikati ya karne ya 20, wakati ambapo majirani walikuwa wakizikimbilia. Kuanzia mwaka 1974 walifuata pia kanuni za biodinamiki, kilimo kisicho na kemikali za viwandani kinacholichukulia shamba kama kiumbe hai kimoja. Udongo unalimwa, mbolea ni mboji. Kila mwaka hekta moja au mbili za mizabibu iliyochoka hung'olewa, na ardhi hiyo huachwa ipumzike miaka isiyopungua kumi ikiwa na mazao mengine kabla ya kupandwa tena. Pumziko hilo refu lina sababu: vipande vya mizizi iliyozeeka hubaki hai ardhini kwa miaka, na minyoo midogo inayobeba virusi vya mzabibu huishi juu yake. Ukipanda mche mpya mapema, unaambukizwa kabla haujazaa.

Kilimo hicho kina gharama yake, na haifai kuificha. Dhidi ya ukungu wa majani mkulima asiyetumia dawa za viwandani ana shaba na salfa tu. Shaba haiingii ndani ya jani. Inakaa juu, na mvua ya milimita 20 hivi inaiosha, inabidi kupuliza upya. Sheria ya Umoja wa Ulaya inaruhusu wastani wa kilo 4 za shaba kwa hekta kwa mwaka, kwa sababu shaba hujilimbikiza udongoni. Mwaka 2018, mvua za majira ya kuchipua zilipofuatana kusini mwa Rhône, ukungu ulishambulia kwa nguvu ambayo wengi hawakuwahi kuiona, na waliolima bila dawa za viwandani waliumia zaidi. Katika mwaka wa namna hiyo anayeokoka ni yule anayepuliza kabla ya mvua, siyo baada yake.

Mavuno hufanyika aina moja moja, kila moja kwa wakati wake, na shughuli nzima huchukua wiki kadhaa. Vichala hukatwa kwa mkono na kuchambuliwa. Sheria za awali zilidai sehemu ya mavuno, angalau asilimia 5, itupwe kila mwaka hata kama ni nzuri, na nidhamu hiyo ya kutupa bado ipo. Zabibu huondolewa vikonyo. Halafu inakuja hatua ambayo ndiyo alama ya nyumba hii.

Zabibu zilizotolewa vikonyo hupitishwa kwenye mitambo ya joto ili maganda yafike nyuzi 80 za Selsiasi kwa muda mfupi mno, dakika moja hivi, kisha hupozwa mara moja hadi nyuzi 20. Shabaha ni ganda. Nyama ya ndani haiachwi ipikike. Kwa nini? Kwenye ganda kuna vimeng'enya vinavyochochea oksijeni kuharibu rangi na harufu, na zabibu yenye kuvu ina kimeng'enya kingine kikali zaidi, laccase. Kwa kawaida mtengenezaji huvizuia kwa kumwaga mapema salfa, dawa ya kuhifadhia mvinyo. Joto la nyuzi 80 huviua kabisa, salfa inapungua, na papo hapo ganda linalegea na kutoa rangi na harufu zake. Mnaona tumerudi kwenye Grenache na hewa.

Njia hii ina mitego mitatu, na anayetaka kuiiga aijue. Kwanza, kupasha moto polepole ni kubaya kuliko kutopasha kabisa: kati ya nyuzi 35 na 50 vimeng'enya hivyo hufanya kazi kwa kasi kubwa kuliko wakati mwingine wowote, kwa hiyo joto lipande ghafla na lishuke ghafla. Pili, ukizidisha muda, mvinyo unanuka jamu. Tatu, joto huua pia chachu za asili zilizo juu ya ganda pamoja na vimeng'enya vya kuvunja utelezi wa tunda. Lazima uwe na tangi jingine lililokwisha kuanza kuchachuka ulitumie kama mbegu, au uongeze chachu, na utegemee mvinyo utakaochelewa kung'aa. Bila mtambo wa kupozea wenye nguvu ya kutosha, usianze.

Baada ya hapo zabibu hutenganishwa kwa tabia. Zile zinazooksidika, Grenache na nyingi ya nyingine, huingia kwenye matangi ya mraba ya saruji yaliyofunikwa vigae kwa ndani, ambayo hayapitishi hewa. Zile zinazofungika, Mourvèdre na Syrah, huingia kwenye matangi ya mti wa mwaloni yenye umbo la koni iliyokatwa. Mbao hupitisha hewa kidogo, na Mourvèdre inaihitaji: ikinyimwa hewa wakati wa kuchachuka hutoa harufu ya mayai yaliyooza, ambayo ikiachwa wiki kadhaa hugeuka kuwa aina nyingine isiyoondoka hata kwa kumimina. Kila zabibu inapewa chombo kinachosahihisha kasoro yake. Kwetu sisi huo ndio uamuzi wenye akili kuliko yote pale, na hauhitaji fedha nyingi kuuiga. Unahitaji mtu anayeijua tabia ya zabibu yake kabla ya kuchagua tangi.

Maganda hukaa na juisi siku 12 hivi. Kisha hukamuliwa, asidi kali ya maliki hugeuzwa na bakteria kuwa asidi laini ya laktiki, na hapo ndipo familia hukaa kuonja na kuchanganya. Mchanganyiko hukaa karibu mwaka mmoja kwenye foudre, mapipa makubwa ya mwaloni yanayobeba maelfu ya lita. Pipa dogo la lita 225, linalopendwa Bordeaux, lina eneo kubwa la mbao kwa kila lita ya mvinyo: hewa nyingi zaidi, ladha ya mbao nyingi zaidi. Grenache haihitaji kimojawapo.

Kuna kasoro moja ambayo anayeipenda Beaucastel hawezi kuikwepa. Mivinyo yake ya miaka ya 1980 na 1990 ilijadiliwa sana kwa harufu ya zizi, jasho la farasi na bandeji. Chanzo cha harufu hiyo ni chachu inayoitwa Brettanomyces. Baadhi ya wapenzi waliihesabu kuwa sehemu ya haiba ya shamba. Wengine waliiita uchafu. Tunasimama na hawa wa pili, ingawa harufu hiyo ikiwa kidogo sana haichukizi, maana ikizidi inafuta tofauti kati ya mwaka na mwaka. Sababu zake zinaeleweka. Chachu hii huishi kwenye nyufa za mbao kuukuu, hula sukari chini ya gramu moja kwa lita, na hupenda mvinyo wenye asidi ndogo. Hapo salfa inakosa nguvu: kwenye pH 3.5 (pH ni kipimo cha asidi, nayo hupanda asidi ikipungua) karibu asilimia 2 ya salfa huru, yaani ile isiyoshikamana na kitu kingine ndani ya mvinyo, ndiyo inayoua vijidudu, lakini kwenye pH 3.8 ni asilimia 1 tu. Anayetaka kutumia salfa kidogo katika nchi ya joto lazima afidie kwa kuhakikisha sukari imekwisha kabisa, mapipa yamejazwa hadi juu na kusafishwa kwa mvuke au maji ya moto, na ghala liko chini ya nyuzi 15.

Katika miaka bora sana, kuanzia mavuno ya 1989, hutolewa chupa chache za Hommage à Jacques Perrin. Ndani yake Mourvèdre kutoka mizabibu mizee ndiyo hutawala, na Grenache inakuwa msaidizi. Bei yake haiwahusu wengi wetu, ila inathibitisha alichokiamini mzee huyo.

Sasa ndugu wahudumu. Chupa ya Beaucastel ikifika mikononi mwenu imevuka bahari, na joto ndilo adui wa kwanza. Mvinyo uliopita nyuzi 30 ndani ya kontena hutanuka na kusukuma kizibo. Kabla ya kupokea, angalieni kizibo kimeinuka? Kuna utelezi wa mvinyo chini ya kifuniko? Kimo cha mvinyo shingoni kimeshuka kwenye chupa ambayo bado changa? Jibu la ndiyo kwa mojawapo linatosha kuirudisha. Ihifadhiwe imelazwa, nyuzi 12 hadi 14, unyevu wa asilimia 60 hadi 75, mbali na mwanga na mtikisiko wa majokofu.

Umri una utata wake. Ikiwa na miaka mitatu au minne tangu mavuno huwa na matunda mengi na inanyweka vizuri. Baadaye mara nyingi hujifunga kwa miaka kadhaa, inakuwa kimya na yenye ukavu, na hufunguka tena inapokaribia miaka kumi. Mteja akiagiza chupa ya miaka sita, mweleze kwa heshima kwamba itahitaji kumiminwa kwenye jagi saa mbili kabla. Chupa ya miaka 20 ni kinyume: isimamishe siku moja nzima mashapo yatue, tumia kizibuo chenye ncha mbili bapa maana kizibo kimelegea, mimina taratibu ukimulika shingo kwa taa, acha mililita 50 za mwisho, na ipeleke mezani mara moja.

Ipakueni ikiwa na nyuzi 16 hadi 17. Katika mji wenye nyuzi 28, chupa iliyokaa mezani huchoma pua kwa alkoholi na kupoteza kila kitu kingine. Saa moja na nusu hivi ndani ya friji inatosha. Mkiwa na haraka, ndoo ya maji na barafu pamoja, dakika 10 hadi 15. Barafu bila maji hupoza polepole kwa sababu haigusi chupa yote. Glasi iwe na tumbo pana, mmimine mililita 150, chupa itatoa glasi tano.

Kwa chakula, mbuzi wa kuchoma, kondoo aliyepikwa polepole na bata vinakaa nayo vizuri, na pilau ya nyama pia. Pilipili kali hapana: inaongeza mwako wa alkoholi na kufanya tanini ziwe chungu. Chupa ikibaki nusu, ifungeni na kuirudisha kwenye friji, kisha itoeni dakika 40 kabla ya kuipakua tena. Itadumu siku mbili, mara nyingi tatu, wakati mvinyo wa Grenache tupu mara nyingi huwa umeshachoka kesho yake jioni.

Asanteni kwa kutusikiliza. Tunakaribisha maswali, na tungeomba yaanze na yale ya mitambo ya joto na matangi.